Muhogo wa Usiku Mmoja

Mimi ni mtoto wa unga wa mahindi. Baba yangu alifanya kazi kwenye tanuru za shaba, na kila juma kambi yetu ilipewa posho: unga, samaki wakavu, kalanga, chumvi. Nilikua nikijua kwamba bukari, ugali wetu, hutoka guniani, gunia hutoka ghalani, na ghala iko ng'ambo ya reli. Muhogo niliujua kwa majani yake tu, maana sombe kila mtu Elisabethville aliila. Mizizi yake ilikuwa chakula cha watu wa porini. Ndivyo tulivyosema kambini, na tulisema huku tumebetua midomo. Naliandika hili mwanzoni ili mtu asije akasema nimelificha.

Mama aliyenizaa alikufa siku chache baada ya kunizaa. Mdogo wake wa tumbo moja alikuwa kijijini, upande wa Kasomeno, naye alikuwa amejifungua mtoto ambaye hakuishi. Maziwa yalikuwa bado yanamuuma kifuani walipompandisha kwenye lori la samaki wakamleta kwetu. Alininyonyesha miaka miwili katika chumba cha matofali cha shemeji yake, kisha akarudi kwa mumewe. Mbele ya watu nilimwita mama mdogo, kwa adabu. Tukiwa wawili nilimwita mama, maana sikuwa na mwingine.

Nilipokuwa na miaka kama saba hivi baba alinipeleka kwa mama mdogo wakati wa kiangazi. Kando ya kijito wanawake walikuwa wamechimba mashimo, na humo waliloweka muhogo siku nne, siku tano, wameufunika kwa majani na mawe. Harufu yake ilinifukuza siku ya kwanza. Siku ya tatu nilikuwa nimeizoea. Nikaona katika shimo moja mizizi iliyowekwa asubuhi ileile, myeupe, migumu, haina harufu yoyote. Nikatoa kipande nikatafuna. Mama mdogo alinipiga kofi la mdomo, kofi la kweli, nikaona nyota mchana. Akanitia kidole kooni mpaka nikatapika, akanisukutua kwa maji ya kijito mara tatu, nne. Hakunieleza chochote. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na mimi nilidhani ni hasira.

Kambini kwetu mtoto hapigwi kwa sababu ya chakula. Nilirudi mjini na maelezo yangu mwenyewe: mama mdogo ni mchoyo. Nilimpenda, lakini kofi lile nililiweka moyoni, na kila nilipoletewa kifurushi cha samaki kutoka kwake nilijisemea kimoyomoyo kwamba samaki anatoa, muhogo anabana.

Nilisoma kwa masista. Nilijua kushona, kupiga pasi, na kusoma kwa sauti bila kukwama. Hicho cha mwisho ndicho kilichonipatia kazi. Wakubwa wa mji walikuwa wameanzisha masomo ya radio kwa wanawake wa vijijini, mara mbili kwa juma, saa ambayo watu wanarudi kutoka shambani. Karatasi za Kifaransa zilitoka mbali, nyingine Leopoldville, nyingine sijui wapi. Karani mmoja alizigeuza kuwa Kiswahili, nami nikazisoma. Huko vijijini waliweka kisanduku chenye kipaza sauti kwenye baraza ya moniteri, yule msimamizi wa kilimo, kikiendeshwa kwa betri ya lori. Wanawake waliitwa kwa kengele wakakaa chini kusikiliza.

Sitayacheka masomo yote. Somo la vyoo lilikuwa zuri. Somo la kumpa mtoto maji anapoharisha lilikuwa zuri sana, na najua watoto walio hai kwa ajili yake. Watu wakinihurumia wananiambia eti yote yalikuwa upuuzi wa wazungu. Ningefurahi kama yangekuwa hivyo, maana ningejua la kuchukia.

Nilianza kila mara kwa maneno yaleyale, kwa Kiswahili cha vitabu vya masista ambacho nyumbani kwetu hakuna aliyekisema: "Mama wa vijiji, hamjambo. Ketini, tegeni masikio." Nilijiona nimefika. Sokoni nilikuwa nikiuliza bei ya nyanya kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, ili wanawake wageuke waseme, si ndiye yule? Walipogeuka nilijifanya sikuona. Kichwa kilinivimba, sitafuti neno lingine.

Dereva wa lori la samaki ndiye aliyeniletea habari za mama mdogo siku ya kwanza aliponisikia. Alisema mama mdogo aliinuka, akazunguka nyuma ya kisanduku kutazama, akarudi akaketi, akalia. Kisha akawaambia wenzake wote kwamba mwenye sauti hiyo alikula titi lake. Tangu siku hiyo akawa anakaa mbele kabisa, na binti yake mdogo, aliyempa jina langu, amempakata mapajani. Wanawake waliokuwa wakipiga soga nyuma aliwageukia akawakata jicho. Moniteri alifurahi, kwa kuwa kijiji chake kilisifiwa kwa mahudhurio.

Kwetu mtoto aliyepewa jina lako huitwa majina yako. Si ndugu tu. Akiumwa, wewe ndiye unayeulizwa umelalaje.

Siku moja katika mwanzo wa kiangazi karani aliniwekea mezani karatasi kuhusu maji safi. Ilisema vijito vya kunywa vinachafuliwa na muhogo. Wanawake waache yale mashimo. Wamenye mizizi nyumbani, waikate vipande vidogo, wailoweke ndani ya chungu usiku mmoja, kisha waianike juani. Na mwishoni, katika mstari wake peke yake, ilisema: usiku mmoja unatosha.

Niliisoma kimya, kama nilivyozoea kabla ya kuingia kwenye chumba cha kusemea. Nilipofika mstari huo nililikumbuka lile kofi. Sikuwa nimelifikiria kwa miaka, lakini midomo iliniwasha kweli, nikaigusa kwa mkono. Nikamwuliza karani kama ana hakika na huo usiku mmoja. Karani naye alikuwa mtoto wa posho, amezaliwa kambi jirani na yetu.

"Dada, weye unajua nini ya mihogo?" akasema. "Soma tu."

Kulikuwa na mzungu aliyesimamia masomo, mtu mpole, mgeni katika nchi. Nikamwendea. Nilimwambia kwamba huko kwetu wanaloweka siku nyingi. Alinisikiliza vizuri, akatazama karatasi, akaniambia kwa upole kwamba jambo hilo limejaribiwa mahali ilipoandikwa na muhogo wa huko hauna shida. Sikumwuliza huko ni wapi. Sikujua kwamba kuna muhogo mtamu na muhogo mchungu, kwamba mmoja mtu anautafuna mbichi njiani na mwingine unaua mbuzi. Yeye pia hakujua. Tulikuwa watu watatu katika nyumba ile ya matofali, tuliotaka kuwafundisha wanawake kuandaa chakula ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiandaa.

Lakini nisijifiche nyuma ya hao wawili. Wao hawakuwa na kofi la kukumbuka, mimi nilikuwa nalo. Ningeweza kuruka mstari mmoja, hakuna ambaye angejua. Nilichojiambia ni hiki: mama mdogo ni mchoyo, na watu wa porini wanapenda kuyafanya mambo kuwa marefu. Nikaingia nikasoma. Nilisoma vizuri siku hiyo, nikapunguza mwendo kwenye mstari wa mwisho ili uwaingie. Somo lilipendwa ofisini, wakaniambia nilirudie, nikalirudia juma baada ya juma.

Mwezi wa saba au wa nane dereva wa lori alisimama mlangoni kwetu bila kushusha mizigo.

"Mama yako anasema, majina yako iko anaumwa miguu," akasema. "Ilianza asubui moja tu."

Nilimpa kopo la mafuta ya kuchua na kitambaa cha joto. Nilimwambia amwambie mama amchue jioni na asimwache mtoto kwenye umande. Nilisema kwa ile sauti yangu ya radio, maana siku hizo nilikuwa na sauti hiyo hata nikiomba chumvi. Dereva alilipokea kopo akaondoka, nami nikarudi kazini. Juma lile nililirudia tena somo la muhogo.

Lori lililofuata halikuleta samaki kwa ajili yangu. Dereva alisema neno moja tu: "Anasema ukuye."

Nilipanda lori lake, tukafika kijijini jua likiwa bado juu. Jirani wa mama mdogo, mwanamke mrefu niliyemfahamu tangu utoto, alinipokea kikapu barabarani, akatembea nami polepole kuliko njia ilivyotaka. Nilijua ana neno.

"Siku ulisema ile ya mihogo, siye tulicheka," akaniambia. "Ile yetu iko ya buchungu. Hata mutoto anajua. Moniteri akakuya kukanyanga mashimo yetu, tukaenda kuficha ingine mu pori, mbali. Tulimuambia mama yako akuye na siye. Akakatala. Akasema mutoto yake hawezi kumudanganya."

Nikamwuliza kama ni hilo lililomwumiza mtoto. Sijui kwa nini niliuliza, nilikuwa nimekwisha kuelewa.

"Muhogo yenye haikulala siku mingi mu mayi, unakulaka, kichwa inazunguka, unatapika," akasema. "Ukiendelea kuikula, siku moja unalamuka, miguu inakatala. Tunaijua toka zamani."

Mwaka ule samaki walikuwa haba na maharage hayakuzaa. Watu walikula muhogo asubuhi na jioni, bila kitu cha pembeni. Katika kijiji kizima nyumba moja tu ndiyo iliyofuata radio neno kwa neno, na ndiyo nyumba iliyokuwa na sababu ya kuiamini.

Majina yangu alikuwa amekaa juu ya mkeka, mgongo ukutani. Alikuwa na miaka sita. Niliponyoosha mikono alinijia, na hapo ndipo nilipoona. Alikuja kwa viganja. Miguu ilimfuata nyuma, imekakamaa, imepishana kama mikono ya mkasi, vidole vya miguu vimechongoka kuelekea chini. Alikuwa anacheka kwa furaha ya kuniona. Nilimbeba nikahisi mapaja yake magumu kama kuni, na nilitaka kumrudisha chini haraka, namwomba Mungu anisamehe kwa hilo kuliko mengine. Kopo langu la mafuta lilikuwa dirishani, limekwisha.

Mama mdogo alikuwa amekonda. Alinipa maji, akaniachia ninywe mpaka mwisho, kisha akaketi mbele yangu, magoti yake karibu na yangu.

"Nikuulize kintu moja," akasema. "Ile sauti ya mu kisanduku, ile ya mihogo. Ilikuwa ya kwako?"

Akaendelea yeye, akitazama mikono yake.

"Bantu banasema Bazungu banaweza kamata sauti ya muntu, banaisemesha bintu yenye hakusema. Niliwaza ni vile. Juu weye, weye nilikupiga ile siku. Ungekumbuka."

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nililielewa lile kofi, na kidole kile kooni, na mikono ile iliyotetemeka. Alikuwa amepata hofu ya kunizika mimi pia. Miaka yote ile yeye alidhani amenipa kitu cha kunilinda, na mimi nilikihifadhi kama uchoyo. Sasa alikuwa amenifungulia mlango wa kukana, na alitaka niupitie kuliko nilivyotaka mimi. Nilimwona anavyonisihi kwa macho.

"Haikuwa miye, mama," nikasema.

Alishusha pumzi ndefu. Akainuka, akatoka uani, akawaita jirani zake kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nifike. Nilimsikia nikiwa ndani, kichwa cha mtoto kikiwa begani kwangu.

"Munasikia? Niliwaambia. Haikuwa mutoto yangu."

Jirani yule mrefu alisafisha koo, akasema ni sawa, mama, ni sawa. Walimheshimu. Nadhani hakuna hata mmoja aliyesadiki, na hakuna aliyetaka kumpokonya faraja hiyo.

Nilikula kwake jioni, nikalala kwenye mkeka pamoja na mtoto. Nilikuwa nimekwisha kuamua sitasoma tena radioni. Watu waliosikia baadaye kwamba niliacha kazi nzuri kama ile walidhani ni dhamiri. Walinisifu, na mimi niliwaachia wanisifu. Ukweli ni kwamba kisanduku kilikuwa bado pale barazani kwa moniteri, na kila juma kingenisuta mbele ya mama. Niliacha ili uongo wangu uishi.

Asubuhi mama mdogo alikwenda nyuma ya nyumba kutwanga. Ulikuwa muhogo wa mashimo ya porini, jirani walimpa. Nilisikia mchi ukishuka kwa mwendo wake uleule niliokuwa nikiusikia utotoni. Mimi nilikaa mbele ya mlango, mtoto pajani, nikimsuka nywele. Nilikuwa nikimwambia geuka hivi, inama kidogo, tulia. Alikuwa ametulia mno, anasikiliza. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya," akasema, "sema vile unasemaka mu kisanduku."

Nilimwambia si mimi niliyesema mle. Alicheka, akanivuta mkono. Hakuwa ananishitaki. Alikuwa mtoto aliyekaa mbele kabisa, mara mbili kwa juma, akiambiwa kwamba anayesema ni mtu mwenye jina lake. Ndicho kitu alichokuwa akijivunia zaidi duniani.

"Kidogo tu, yaya. Mama hatasikia."

Sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Kitambaa nilikuwa nimekwisha kumpa, mafuta yalikuwa yamekwisha. Nikainama karibu na sikio lake nikasema polepole, kama mtu anayeiba: "Mama wa vijiji, hamjambo. Ketini, tegeni masikio."

Alipiga makofi. Kisha akakaa wima, akainua kidevu, akaendelea yeye. Alilijua somo lote. Alisema kamenyeni mizizi nyumbani, alisema ikateni vipande vidogo, alisema chungu safi, jua kali, kwa Kiswahili kilekile cha masista, na mahali nilipokuwa nikivuta pumzi naye alivuta. Nilimwomba anyamaze. Alidhani namchezea, akapaza sauti. Mwishoni alipunguza mwendo, vilevile nilivyopunguza mimi ili maneno yawaingie.

"Usiku mmoja unatosha."

Nyuma ya nyumba mchi ulikuwa umenyamaza. Sikujua umenyamaza tangu lini. Mama mdogo alitokea kwenye kona ya ukuta, mikono yake myeupe kwa unga hadi viwikoni, akasimama akinitazama. Mtoto naye akamtazama, bado anacheka, anangoja asifiwe.

Nilimweka mtoto chini, nikasimama, nikamtolea uso wangu. Nilikuwa na hamu ya kofi lile kuliko nilivyowahi kutamani chakula. Aliinua mkono, nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa ameinama, amemwinua mtoto, anampangusa unga uliomdondokea kwenye nywele zake zilizosukwa. Alimbeba akaingia naye ndani. Alipita karibu nami kiasi kwamba nguo yake ilinigusa.